Kitabu Kilichomo Ndani ya Mashine

(Maneno ya somo la historia kwa watu wazima, kama yalivyosomwa redioni. Wasikilizaji walio katika vikundi wawe na daftari na kalamu.)

Leo somo letu la historia halihusu vita wala wafalme. Linahusu kitabu. Lakini kitabu chenyewe hakina jalada, wala hakiwekwi kabatini. Kimo ndani ya kompyuta, na watu wengi hukaa nacho miaka mingi pasipo kujua kwamba kipo.

Sababu ya kulichagua somo hili ni barua. Kikundi kimoja cha wasikilizaji wa Songea mjini kimetuandikia, nami nayafupisha maneno yao. Wamepata kompyuta kuukuu. Fundi akawawekea mfumo endeshi wa Linux, kisha fundi akasafiri. Wanapoiwasha hawaoni picha wala vitufe vya kubonyeza. Wanaona kioo cheusi, na alama ndogo inayowakawaka ikiwangoja waandike amri. Wakiandika neno lisilojulikana, mashine hujibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haikuonekana, halafu hunyamaza. Intaneti wanayo ya bando tu, na bando hukwisha. Basi wanauliza: "Mwalimu, tumwulize nani?"

Swali hilo si la kitoto. Watu waliouanzisha ukoo wa mifumo hii walikutana nalo zaidi ya miaka 50 iliyopita, na jibu walilolitoa ndilo historia yetu ya leo.

Lakini kwanza tuanze nyumbani. Nendeni kwenye mashine yoyote ya kusaga mahindi, mkamwulize mwenyewe kiko wapi kitabu cha maelezo kilichokuja na mashine ile. Atacheka. Kitabu kilikuwamo ndani ya sanduku siku mashine ilipofika. Mwenye mashine wa kwanza akakiweka nyumbani. Akaiuza mashine, kitabu kikabaki. Mchwa wakamaliza kazi. Tangu siku ile elimu ya mashine imo kichwani mwa fundi. Fundi akihamia Njombe, mashine husimama, na akina mama hurudi na debe la mahindi kichwani. Cherehani ni hivyo hivyo. Chombo na maelezo yake huja pamoja, kisha kila kimoja hushika njia yake.

Kompyuta nazo zilianza kwa mtindo huo. Nchi yetu ilizijua mapema: ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri sana. Kazi ya kuziingiza hesabu za serikali katika kompyuta ilileta matatizo mengi, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baadaye, na mashine ndogo za mezani zikaanza kuonekana maofisini. Nyingi ziliendeshwa kwa mfumo wa MS-DOS, ambao nao ulikuwa wa kuandika amri. Maelezo yake yalikuwa katika vitabu vya karatasi vilivyofungwa pamoja na disketi. Lakini disketi hunakiliwa kwa dakika chache, na kitabu hakinakiliwi hivyo. Programu ikapita mkono hata mkono, na kitabu kikabaki alikobaki mnunuzi wa kwanza. Ni mwaka 1991 tu, katika toleo la tano, MS-DOS ilipopewa amri ya kuomba msaada. Yaani, ndugu zangu, hadithi ya mashine ya kusaga tena.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1969, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, Marekani, kulikuwa na maabara ya kampuni ya simu iliyoitwa Bell Labs. Wataalamu wake walikuwa wameshiriki miaka kadhaa kuunda mfumo mkubwa ulioitwa Multics, pamoja na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric. Kazi ilizidi kuwa kubwa, gharama nayo ikapanda, na Bell Labs wakajitoa. Bwana Ken Thompson na Bwana Dennis Ritchie wakabaki bila mfumo wa kufanyia kazi. Thompson akapata kompyuta ndogo ya PDP-7 ambayo haikuwa na shughuli nyingi, akaanza kuandika mfumo wake mwenyewe. Huo ndio uliokuja kuitwa Unix. Linux, iliyomo katika mashine ya ndugu zetu wa Songea, ni mjukuu wake kwa tabia, ingawa si kwa damu, maana iliandikwa upya kwa kufuata mwendo ule ule.

Mwaka uliofuata wataalamu hao walitaka kompyuta kubwa kidogo, PDP-11. Wakubwa wao, walioumizwa na gharama za Multics, hawakutaka kusikia habari za mfumo endeshi mwingine. Basi wakaiombea mashine hiyo kazi nyingine: itatumika kutayarisha maandishi. Na kweli ilitumika. Wateja wake wa kwanza walikuwa makarani wa kupiga taipu katika idara ya hataza, yaani idara iliyoandika hati za kulinda uvumbuzi wa kampuni. Hati hizo zilitaka kupangwa kwa namna maalumu, na mistari yake kupewa namba.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kitabu chetu kilipozaliwa. Programu ya kupanga maandishi waliyoitumia iliitwa roff. Jina na mtindo wake vilitoka katika programu ya zamani zaidi, RUNOFF, iliyoandikwa na Bwana Jerome Saltzer huko MIT mwaka 1964. Mtindo wake ni huu: unaandika maneno yako kama kawaida, na unapotaka kuiamuru mashine ianze aya mpya au iweke kichwa cha habari, unaandika mstari unaoanza na nukta. Nukta hiyo ya 1964 ingali inatumika katika kitabu tunachokizungumzia leo. Tutaiona tena mwishoni mwa somo.

Basi watu hawa walikuwa na mfumo mpya, na walikuwa na chombo cha kuandikia. Tarehe 3 Novemba 1971 wakatoa toleo la kwanza la kitabu cha mwongozo wa Unix. Kiligawanywa katika sehemu saba. Sehemu ya kwanza ilieleza amri ambazo mtu yeyote anaweza kuziandika. Ya pili, maombi ambayo programu hupeleka kwenye kiini cha mfumo. Na kuendelea hivyo mpaka namna mafaili yalivyopangwa na mambo mengineyo. Kila amri ilipewa ukurasa wake. Ukianza kusoma ukurasa mmoja, umejua mpangilio wa kurasa zote: jina, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika, mahali pengine pa kutazama. Mtu aliyezoea kusoma ratiba ya basi moja hawezi kupotea katika ratiba ya basi lingine, na huo ndio wepesi wa kitabu hiki.

Palikuwa na vifungu viwili zaidi, navyo ndivyo ninavyovipenda.

Kimoja kilikuwa cha mwenye programu. Chini ya ukurasa iliandikwa nani aliyeiandika, kwa jina lake fupi la kazini. Maana yake ilikuwa wazi: ukikwama, nenda chumba cha tatu mkono wa kulia ukamwulize. Lakini Unix ilipotoka nje ya jengo lile ikaenda vyuo vikuu vya mbali, jina la mtu wa Murray Hill halikuwa na faida kubwa kwa msomaji wa mbali. Kifungu hicho baadaye kiliondolewa. Nami naona kwamba hapo kitabu kilipata kazi nzito zaidi, kwa sababu sasa kilipaswa kusimama mahali pa mtu.

Kifungu cha pili kilikuwa cha kasoro. Wao walikiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wadudu, na mpaka leo ndivyo kinavyoandikwa. Humo mwandishi alisema kwa kinywa chake mwenyewe mahali programu yake inapokosea, au inapofanya jambo ambalo msomaji hatalitazamia. Fikirini jambo hilo. Ni nani katika Soko Kuu la Songea anayekuuzia baiskeli huku akikuambia kwamba breki ya nyuma ni dhaifu? Watu hawa waliliandika katika kitabu, likachapwa.

Mkuu wao wa idara, Bwana Doug McIlroy, alikuwa mtu mkali kuhusu mwongozo. Alidai uwe mfupi, uwe kamili, na uwe wa kweli. Likatokea jambo ambalo mafundi wa ufundi wowote watalielewa. Mtu alipokaa kuandika ukurasa wa programu yake, wakati mwingine aliona aibu. Maelezo yalikuwa marefu na yenye kupindapinda, kwa kuwa programu yenyewe ilikuwa imepinda. Basi badala ya kuyaandika maelezo hayo, alirudi akainyosha programu. Hivyo kitabu hakikufuata nyuma ya mashine tu, kiliitengeneza mashine. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mengi yanayosifiwa katika historia ya kompyuta.

Mtauliza: kwa nini kurasa hizi ni kavu namna ile, na amri zenyewe ni herufi mbili mbili, ls, cp, mv? Jibu ni teletaipu. Siku zile hapakuwa na kioo kwa kila mtu. Mtu alikaa mbele ya mashine kama taipureta iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, ikachapa majibu juu ya karatasi, kwa kelele, kiasi cha herufi 10 kwa sekunde. Hesabuni wenyewe: ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika tatu. Mwandishi aliyepiga porojo alimchosha msomaji kwa maana halisi ya neno. Teletaipu zimekwisha, lakini ukavu umebaki.

Muda si mrefu, katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1970, ikaongezwa amri ya herufi tatu: man. Ni kifupi cha neno la Kiingereza la kitabu cha mwongozo, wala haihusu mwanamume, kama wengine wanavyodhani. Ukiandika "man" halafu nafasi halafu jina la amri, kompyuta yenyewe inakuletea ukurasa wake. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kitabu hakikuwa tena kabatini. Kilikuwa katika diski ile ile yenye programu, kikinakiliwa kila programu inaponakiliwa, kikisafiri katika utepe ule ule. Chuo kilichopelekewa Unix kilipelekewa na maelezo yake. Mchwa hawakuweza kuvitenganisha.

Lakini tatizo moja lilibaki, nanyi mmekwisha kulihisi. Ili uulize, sharti ulijue jina. Ni sawa na kamusi: huwezi kulitafuta neno usilolijua. Ndugu zetu wa Songea wanataka kunakili faili, hawajui kwamba amri inaitwa cp, watamwulizaje cp? Dawa ilitoka Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, ambako vijana walikuwa wakiiongezea Unix mambo yao. Katika toleo lao la mwaka 1979 zilikuwamo amri mbili, whatis na apropos. Ya kwanza inakuambia kwa mstari mmoja amri fulani ni ya nini. Ya pili inafanya kinyume chake: unaipa neno la kawaida, nayo inapita katika ile mistari mifupi ya majina yote na kukuletea kila penye neno hilo. Ukiandika "man -k" badala ya apropos, jibu ni lile lile.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1983 Bwana Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika upya mfumo kama Unix ambao kila mtu ataruhusiwa kuunakili na kuurekebisha. Yeye alitaka maelezo marefu zaidi, yenye sura na viungo kama kitabu cha kusomwa, na ndiyo maana mtakuta pia amri iitwayo info. Desturi ya kuandika "--help" mbele ya amri ili ikupe muhtasari wake imeenea sana kwa sababu ya mradi huo. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kiini cha Linux. Vitu hivyo viwili vikaungana. Kurasa za mwongozo zikaandikwa upya na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, lakini kwa mpangilio ule wa 1971: jina, namna ya kuandika, maelezo, kasoro, tazama pia.

Turudi Songea sasa, maana huko ndiko swali lilikotoka.

Mji huo uko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Waya wa umeme wa gridi ya taifa uliufikia kutoka Makambako mwaka 2018. Kabla ya hapo mji uliishi kwa majenereta ya mafuta, na tangu 2015 kwa msaada wa umeme wa maji wa Tulila, kituo cha masista wa Kibenediktini wa Chipole. Mahali kama hapo, elimu inayopatikana kwenye intaneti tu ni elimu ya vipindi. Ipo mtandao ukiwapo, haipo mtandao ukikatika. Wakati kitabu kilichomo ndani ya diski hakijali bando. Waliokiweka humo walikuwa Marekani, na hawakuifikiria Songea hata siku moja. Walikuwa wakitatua shida yao. Lakini shida ya mtu aliye peke yake na mashine usiku wa manane ni moja kila mahali.

Basi chukueni kalamu. Andikeni kwanza "man man", yaani mwulizeni mwongozo habari za mwongozo. Ukurasa utafunguka. Hapa nitoe ushuhuda wangu, wala msinicheke. Siku yangu ya kwanza niliufungua ukurasa, nikausoma, kisha nikashindwa kutoka. Nilibonyeza kila kitu. Mwishowe nikazima mashine kwa swichi ya ukutani. Kumbe ni herufi moja tu, q. Ukibonyeza q, unatoka. Ukitaka kutafuta neno ndani ya ukurasa, andika mkwaju, halafu neno lenyewe, ukabonyeza kitufe cha kuingiza. Na herufi n hukupeleka linapoonekana tena. Hayo nayo yameelezwa humo ndani, lakini mtu aliyenaswa katika mtego hasomi maandishi yaliyo juu ya mtego.

Jambo la pili. Mkiandika "man cd", mashine nyingi za Linux zitawaambia kwamba ukurasa haupo, nanyi mtasema Mwalimu ametudanganya. La. Amri ya cd, ya kuhama folda, haikuandikwa kama programu ya peke yake. Imo ndani ya ile programu inayozipokea amri zenu, na ambayo mara nyingi huitwa bash. Hiyo ina kitabu chake kidogo. Andikeni "help cd", mtajibiwa. Mkitaka kujua amri fulani ni ya aina gani, andikeni "type" halafu jina lake.

Jambo la tatu ni onyo. Siku hizi kuna matoleo ya Linux yaliyopunguzwa ili yasichukue nafasi kubwa, na wapunguzaji huanza kwa kutupa kurasa za mwongozo. Mantiki yao ni kwamba mtu ataziona kwenye mtandao. Mimi sikubaliani nao. Ni kumrudisha mwenye mashine ya kusaga kule kule alikokuwa. Basi siku mtakapokuwa na bando, kabla ya jambo lingine lolote, hakikisheni "man ls" inaleta ukurasa. Isipoleta, mwombeni fundi kwa simu awaelekeze namna ya kuziweka kurasa hizo zote, zikae.

Sasa nafika penye mfupa. Kurasa hizo ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi, kikavu. Hata apropos yenyewe, ile dawa ya Berkeley, hutaka neno la Kiingereza. Mtu anayejua "nakili" lakini hajui neno lake la Kiingereza amefungiwa mlango wa pili baada ya kufunguliwa wa kwanza. Na hata kwa wanaojua Kiingereza, kurasa hizi hazikuandikwa kumfundisha anayeanza. Ziliandikwa kumkumbusha anayejua. Wazee wetu wa elimu ya watu wazima walizijua tofauti hizi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao 2,000,000 walikaa katika vikundi kote nchini wakisikiliza redio, na kila kikundi kilikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, ili anayejua kusoma amsomee asiyejua. Yule mwandishi alimwona msikilizaji wake mbele ya macho. Mwandishi wa ukurasa wa 1971 alimwona mwenzake wa chumba cha pili.

Kiswahili kimejaribiwa katika kazi hii. Mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na washauri kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Mradi wao uliitwa Kilinux. Ilibidi wakae wakubaliane maneno: hiki tukiiteje, kile tukiiteje. Microsoft nayo ilitoa sura za Kiswahili za programu zake katika miaka hiyo. Lakini zingatieni walichokifasiri: menyu, vitufe, na ujumbe mfupi wa kwenye madirisha, yaani yale anayoyaona mtu wa kipanya. Mtu wa kioo cheusi hakuguswa. Nadhani sababu inaeleweka. Kitufe kina neno moja au mawili, ukurasa wa mwongozo una mamia, na mfasiri wake sharti aijue Linux na akijue Kiswahili pia. Ni vigumu kumpata mmoja mwenye vyote.

Hata hivyo mlango uko wazi, nao uliachwa wazi na waliotengeneza. Programu ya man katika Linux, kabla ya kukuletea ukurasa wa Kiingereza, hutazama lugha uliyoichagua. Kama umeuambia mfumo kwamba lugha yako ni Kiswahili cha Tanzania, ambacho humo huandikwa sw_TZ, itakwenda kwanza kutafuta katika folda ya sw. Ikikuta ukurasa, itakupa. Isipokuta, inakupa wa Kiingereza. Kwa hiyo hakuna ulazima wa kungoja kitabu kizima kifasiriwe. Ukurasa mmoja ukiwapo, unafanya kazi leo, na wa pili kesho. Mahali pa kuuweka katika mashine yenu ni /usr/local/share/man/sw/man1, na andikeni pole pole, kila mkwaju mahali pake.

Ukurasa wenyewe ni maandishi matupu. Mnaukumbuka mstari unaoanza na nukta? Nukta, halafu herufi kubwa TH, ni kichwa cha ukurasa mzima. Nukta, halafu SH, ni kichwa cha kifungu. Hayo mawili yanatosha kuanzia.

Jana usiku nimejaribu kuandika mmoja, wa cp. Nawasomea kama ulivyo.

JINA. cp: hunakili faili.

NAMNA YA KUANDIKA. cp, nafasi, jina la faili lililopo, nafasi, jina la nakala.

MAELEZO. Faili la kwanza halibadiliki. Likitajwa folda mahali pa jina la pili, nakala itaingia humo na kubaki na jina lake la zamani. Ili kunakili folda zima pamoja na vilivyomo, ongeza -r mara baada ya cp.

KASORO. Kama lipo tayari faili lenye jina la nakala, cp itaandika juu yake bila kuuliza, na yaliyokuwamo yatapotea. Ongeza -i ili iulize kwanza. Usiizoee njia ya kwanza kwa sababu ni fupi.

TAZAMA PIA. mv, rm.

Basi, ndugu wa Songea, hiyo ndiyo rasimu. Nimesita mahali pawili. Sijaridhika na neno "folda", ingawa ndilo linalosemwa; na katika kifungu cha kasoro nimetaja jambo moja tu, kwa kuwa ndilo lililonipata. Kaeni nayo katika kikundi, ijaribuni kwenye mashine yenu kwa faili lisilo na thamani, kisha mtuandikie mahali ilipowapoteza. Wiki ijayo, tukijaliwa, tutasoma masahihisho yenu na kuanza ukurasa wa rm, ambao kifungu chake cha kasoro kitakuwa kirefu.

Kwaherini.